Wafula, nisaidie kuhusu bandari ya babu

Ndugu yangu Wafula,

Salamu kwanza. Huku Kisumu hatujambo, isipokuwa goti la mama, ambalo linajua mvua kabla ya redio. Akinyi anakusalimu, ingawa ile sufuria hajaisahau. Kimya changu usikihesabu sana. Hata wewe huandiki.

Nina shida, na wewe ndiye uliye karibu na huko. Wiki jana tulikuwa matangani kwa Baba Mdogo, ubishi wa zamani ukafufuka: je, ni kweli babu alifanya kazi bandarini Uganda? Binamu zangu wa Nairobi walicheka hadi chai ikawapalia. "Bandari Uganda? Meli zilitia nanga kwenye migomba?" Nilinyamaza, maana babu mwenyewe ndiye aliyejiharibia kesi. Kila alipoulizwa kazi iliishaje, alijibu neno moja: majani. Bandari imemezwa na majani. Sisi tulidhani anasema gugumaji, na gugumaji lilivamia ziwa letu yeye akiwa kikongwe. Basi akaitwa mwongo mpaka anakufa.

Sasa sikia. Kwenye sanduku la bati la Baba Mdogo tumekuta karatasi ya mshahara ya babu. Imeandikwa Namasagali.

Tangu siku hiyo silali, nasoma tu. Kumbe Nile ikitoka hapo kwenu Jinja ni mawe na maporomoko, meli haipiti. Mwaka 1912 Waingereza wakafungua reli ya Busoga, Jinja hadi Namasagali, karibu kilomita 100, mpaka mahali mto unapotulia. Meli za gurudumu nyuma zilileta pamba kutoka pande za Ziwa Kyoga, ikapanda treni hadi Jinja, kisha ikavuka ziwa kuja wapi? Hapa hapa Kisumu! Aliyekuwa anakwenda mbali alipanda meli Namasagali akashukia Masindi Port, kwa kuwa mbele kuna maporomoko ya Karuma na Murchison. Akachukua gari hadi Butiaba, halafu meli nyingine katika Ziwa Albert, ya kwenda Kongo au Nimule mpakani mwa Sudan ya wakati ule.

Unakumbuka babu alivyokuwa akitubembeleza tulale? "Mbulamuti, Namasagali, Masindi, Butiaba, Pakwach..." Na sisi tulidhani ni maneno ya kuchezea watoto!

Nirudi kwenye majani. Mvua za 1961 zilikuwa za ajabu. Maji ya Ziwa Victoria yakapanda zaidi ya mita mbili katika miaka michache, Kyoga nayo ikafurika. Mafunjo yaling'oka kingoni yakawa visiwa vinavyoelea, yakaziba njia za meli. Mwaka 1962 safari zikakoma. Majani, Wafula. Mzee alikuwa anasema kweli tupu na tukamcheka.

Ila mimi naona majani yalikuja kumalizia tu. Treni ilikuwa imefika Soroti, huko huko Kyoga kwenye pamba, tangu 1929, na mwaka 1964 ikafika Pakwach. Hata maji yangeshuka, nani angepakia pamba melini tena? Lakini babu alikuwa mtu wa reli, maana bandari na meli zilikuwa za reli, asingeisema vibaya hata angepigwa. Afadhali alaumu nyasi.

Baadaye majengo ya bandari yakawa shule, ile ya sekondari iliyovuma kwa ngoma na maigizo, na siku hizi kuna tawi la chuo kikuu. Ndiyo maana binamu zangu wakitafuta Namasagali kwenye simu wanaona wanafunzi tu, na kicheko kinaanza upya.

Nikuombe basi: ukipata Jumamosi moja, pitia Kamuli ufike pale na simu yenye chaji. Nauli nitakutumia. Usinipigie picha ya darasa, nenda mtoni.

Gati bado lipo? Kuna kipande chochote cha reli, au kimeshauzwa kwa wenye vyuma chakavu? Kuna mzee yeyote hapo anayewakumbuka Wajaluo wa bandarini? Na mafunjo, yamesimama wapi sasa? Yule wa Mumias bado yuko na wewe, au mmekosana tena?

Na sufuria unairudisha lini?

Mimi wako,
Otieno