Imali, hiyo saga lazima ilale

Kondele, Kisumu
Jumapili jioni

Kwako Imali,

Habari za Nakuru na baridi yenu? Huku tunaiva tu. Ujumbe wako ulifika Ijumaa, nami nimeona nikuandikie barua kwa sababu mambo ya munyu, yale maji ya jivu tunayopikia mboga chungu ya saga, hayaishi kwa simu. Tena Mama Kevo ameshawatangazia watu wote wa kanisani kwamba unafungua hoteli, kwa hiyo kurudi nyuma huwezi.

Nimesoma orodha yako ya vyakula mara mbili. Saga, mrenda, kunde, mitoo, omena, kuku wa kienyeji, halafu chapati! Kwa majiko mawili? Futa. Chapati ziko kila kona. Atakayevuka barabara kukutafuta wewe anatafuta saga ya nyanya yako, ile ya maziwa, iliyolala chunguni usiku kucha. Na hapo ndipo penye kazi, maana chungu kile ni cha siku mbili. Mboga ya kuuza Jumanne hununuliwa Jumatatu asubuhi, kwa hiyo mtaji wako ubebe siku mbili kabla shilingi ya kwanza haijarudi. Wengi hupiga hesabu ya siku moja, wanakwama Jumatano, wanaanza kuuza saga chungu ya papo hapo, na wateja wanarudia sukuma wiki yao.

Munyu kwanza. Choma maganda makavu ya maharagwe juu ya bati safi mpaka yawe jivu tupu. Asikuwashie mtu kwa karatasi ya nailoni. Chekecha, jaza kwenye mkebe uliotobolewa matundu madogo chini na kutandikwa nyasi safi, kisha mimina maji polepole. Yanayodondoka kwanza ni makali, rangi kama chai ya rangi. Ya pili ni hafifu, yawekee chupa yake. Hifadhi kwenye kioo au plastiki, si sufuria ya alumini, kwa kuwa munyu huila alumini. Kilo moja ya majani yaliyochambuliwa yatoshwa na vijiko viwili vya mezani vya yale makali. Ukizidisha, mboga inakuwa sabuni, kwa kuteleza na kwa ladha, na hakuna maziwa ya kuiokoa.

Sema majani, si mafungu. Saga huja na mabua, kwa hiyo pima kabla na baada ya kuchambua, halafu hesabu sahani baada ya kupika, maana kwenye moto hunywea tena. Mafungu ya shilingi 600 yakitoa sahani 15, tayari umetumia shilingi 40 kwa kila sahani, na hapo bado maziwa, makaa na unga. Kiangazi cha Januari na Februari hesabu hiyo hupanda, kwa hiyo usiandike bei ukutani kwa rangi ya mafuta. Ukichanganya managu (mnavu), toa vile vitunda vibichi vya kijani, vina sumu.

Chemsha na munyu kama dakika 20, mwaga maji machungu, ndipo utie maziwa: nusu lita kwa kilo, yaliyochemshwa, moto mdogo, mpaka yawe mazito. Ya jana yaliyoanza kuchachuka yatakatika tu. Mwenye ng'ombe akikuambia ni ya leo, onja.

Sasa narudi kwenye ule usiku. Nyanya yako alikuwa na chungu cha watu sita na alikipasha moto asubuhi na jioni. Wewe utakuwa na sufuria ya watu hamsini. Ukiiacha ipoe yenyewe, katikati hubaki vuguvugu saa nyingi, na hapo ndipo maziwa yanapoharibika, ingawa juu kumeshapoa. Igawe kwenye sufuria pana, mboga isizidi kina cha vidole vinne, uziketishe kwenye beseni la maji baridi, ukoroge, na ndani ya saa mbili ziwe kwenye friji. Baridi ya Nakuru ni nzuri lakini si friji! Asubuhi ongeza robo lita ya maziwa kwa kilo, itokote kabisa, na ikiwa mezani isishuke chini ya nyuzi 60. Pasha moto ya kuuza tu. Iliyobaki jioni usiirudishe kwenye friji, hata moyo ukikuuma.

Maji: ya visima vya huko yana floridi nyingi, na kuchemsha hakuiondoi, kunaikoleza. Tafuta ya mvua. Ugali wa mtama na muhogo unaujua, sikufundishi, ingawa sisi Waluo tunausonga vizuri kuliko nyinyi. Leseni ya kaunti na cheti cha afya vishughulikie mapema. Cheti hufanywa upya kila miezi sita, chako na cha msaidizi pia.

Maganda ya maharagwe utayapata wapi huko, au nikutumie gunia kwa matatu? Friji unayo, au ni ile ya Jumba isiyofunga? Saga inatoka shamba gani, na wanakuletea saa ngapi? Ulimuuliza shangazi kama nyanya alimalizia kwa maziwa peke yake au alitia na siagi? Maana hiyo siagi ikikosekana, watu wa Vihiga watakusema. Na ule mwiko wangu mkubwa, Imali, bado uko kwako?

Wako,
Akinyi