Barua kwa mwanangu aliye Lubumbashi

Mwanangu,

Huku Uvira tupo. Mama yako anakusalimia, homa yake imepungua.

Ule ujumbe wako wa sauti kwenye kundi la familia nimeusikiliza mara mbili. Ulipofika kwenye "hao nyoka warudi kwao Rwanda" nikazima simu.

Kwao wapi? Yule mzee Mnyamulenge, Mtutsi wa hapahapa Kongo, aliyetuletea maziwa ulipokuwa shule ya msingi, babu yake amezikwa kule milimani Minembwe. Siku moja tulipanda naye gari moja kutoka Bukavu. Kwenye barieri mimi sikuulizwa kitu. Yeye alitoa kadi ya mpiga kura ndani ya nailoni, pamoja na karatasi ya kodi ya baba yake ya enzi za Wabelgiji, imechanika kwenye mikunjo. Kijana aliishika kadi juu chini, macho yote kwenye pua ya mzee.

Ugonjwa huu una tarehe. Sheria ya uraia ya 1981, wakati wa Mobutu, ilifuta ile ya 1972 ikadai ukoo wako uwe ulikuwamo nchini tangu 1885. Hata mimi wa kabila la Wafuliiru, ushahidi wa 1885 ningeutoa wapi? Ila mimi nani angenidai? Sheria ya 2004 ililegeza, lakini mwaka huohuo, Agosti 13, wakimbizi zaidi ya 150 waliuawa Gatumba, hapo ng'ambo ya mpaka, Burundi, wengi wao Wanyamulenge.

Usidhani nimesahau Mutarule. Juni 2014, watu zaidi ya 30, wengi wa kwetu, waliuawa usiku wakiwa kwenye ibada. Nilikwenda kuzika. Hasira ninayo, na yako sikunyang'anyi.

Lakini waasi wa M23 walipoingia Goma na Bukavu mwaka 2025 wakisema wanawatetea Watutsi, mzee wetu hakuna aliyemuuliza kama aliwatuma. Mawe ndiyo yaliyofika kwenye bati lake. Aliondoka usiku. Kibuyu chake kiko jikoni kwetu, mama yako hakubali kitiwe kitu kingine.

Futa ule ujumbe. Binti wa shangazi yako ameolewa kwao, umesahau? Naye yumo kundini. Tangu Jumanne hajaandika neno.

Papa yako