Usiku wa Idi ulale, hizo roli za mdalasini zifanye mapema

Mwanangu mamangu,

Waalaikum salam, marahaba, shikamoo zako na za wajukuu zimefika. Sisi huku wazima, mfungo unakwenda alhamdulillahi, joto ni lile lile la kaskazi ya mwisho lakini tumelizoea. Nakuandikia manake nikikupigia ni baba niko kazini, au baba naendesha, na hiyo ya baba naendesha ndiyo inayonitoa usingizi. Ukiwa kwa usukani usinishikie simu. Mimi nitangoja, sina pa kwenda.

Ile voisi yako nimeisikiliza tena na tena. Unasema umekubali shifti ya usiku wa kuamkia Idi, unatoka saa moja asubuhi, unapitia dukani, unafika nyumbani unakanda unga wa roli za mdalasini, ile mikate mitamu ya kuviringisha, unauacha uumuke mkienda kuswali, mkirudi unaviringisha unachoma, saa nne wageni wako mlangoni. Na unacheka. Mamako naye akacheka. Mimi natafuta hapo katikati ni wapi umelala, sipaoni. Halafu nduguyo ndiye aliyenambia habari ya gari kuteleza kwenye barafu mwezi uliopita mpaka ukaishia kwenye theluji kando ya barabara, wewe hukusema neno. Haya, nimezeeka, nifichwe. Lakini mtu aliyefunga mchana kutwa, akaswali tarawehe, akakesha anageuza wazee wa watu vitandani, hapo hapo achukue gari asubuhi na barabara ya Minnesota ile, huko Marekani, huyo usingizi haumwombi ruhusa. Na saa zenu pia mwezi huu wa tatu wanazisogeza mbele lisaa lizima ile Jumapili ya pili, kwa hivyo hata hicho kidogo mlichokuwa mkilala kinapunguzwa.

Sasa nikuulize, nani alokwambia roli za mdalasini hukandwa asubuhi ya kuliwa? Kule hotelini nilikokuwa napika hakuna aliyefanya hivyo, tungefukuzwa kazi. Wageni saa kumi na mbili na nusu wanataka chai yao na kitu cha moto, utakanda saa ngapi? Tulikuwa tunakanda alasiri, tunasukuma, tunakata, tunapanga kwenye trei, trei zinaingia chumba cha baridi, usiku mtu mmoja tu anabaki wa kuzitoa na kuwasha oveni. Baridi haiui hamira, inaipunguza mwendo tu, inaendelea kufanya kazi pole pole usiku kucha na ladha ya unga inakuwa nzuri kuliko ule ulioumuliwa haraka haraka. Wewe mwenyewe unajua mahamri ya mamako yanakandwa usiku yanakaangwa alfajiri. Na wale wageni wa Kiswidi, hao ndio wenyewe wa mikate hii, mpaka wana siku yake tarehe 4 mwezi wa kumi kila mwaka, unga wao wanatia iliki, iliki hii hii yetu ya mahamri. Mzee mmoja wa kwao alikuja jikoni kuniuliza nani amenifundisha kutia iliki, nikamwambia bibi yangu, hakuamini.

Kwa hivyo fanya hivi. Siku yako ya ofu, siku mbili tatu kabla ya Idi, baada ya futari, kanda. Na nunua mizani bwana, zile ndogo za jikoni si ghali, habari ya kupima kwa kikombe cha kahawa ndiyo iliyokuharibia mkate mwaka jana ukasema oveni mbovu. Unga nusu kilo, kama huna mizani basi vikombe vinne vya huko kwenu vya kupimia, usishindilie. Maziwa kikombe kimoja na tone juu, yai moja, siagi gramu 80, sukari theluthi ya kikombe, chumvi kijiko cha chai, hamira ile pakiti yao ya gramu 7. Na iliki nzima ya kutwanga mwenyewe, si ya kopo.

Kabla ya yote toa humo humo kwenye vipimo vijiko vitatu vikubwa vya unga na nusu kikombe cha maziwa, weka kwa moto mdogo ukoroge mpaka uwe uji mzito, ukipitisha mwiko chini ya sufuria uone njia haijifungi. Uache upoe kabisa ndio uuchanganye na mengine. Huo uji ndio unaoshika maji ndani ya mkate, roli zinakuwa laini mpaka kesho yake, na kwa kitu cha kufanywa mapema hapo ndipo pana siri yenyewe. Maziwa mengine yawe vuguvugu, uweke kidole ukae nacho. Kanda dakika kumi za kweli, si za simu mkononi. Ukivuta kipande kwa vidole kinatanuka mpaka unaona mwanga upande wa pili bila kupasuka, basi tayari. Funika, weka pahali pa joto, uumuke mara mbili yake. Huku kwetu ni lisaa na kidogo, jikoni kwako kwa baridi ile huenda masaa mawili, usitazame saa, tazama unga.

Kusukuma unajua, nimekufundisha kwa chapati. Hapa unasukuma pembe nne, kama nusu mita kwa sentimita thelathini. Siagi gramu 100 iwe laini ya kupakika, ISIYEYUKE, ukipaka iliyoyeyuka usiku kucha itashuka chini na asubuhi una supu kwenye trei. Sukari ya kahawia kikombe kisichojaa, mdalasini vijiko viwili vikubwa, chumvi ya kubana kwa vidole, na kijiko kimoja cha unga mkavu ndani ya hiyo sukari, manake sukari ikikaa usiku inavuta maji, huo unga unayashika. Mdalasini wote ukae hapo kwenye kujaza, usiutie kwenye donge, ukizidi humo unaizuia hamira kuumua. Viringisha bila kukaza sana, ukikaza katikati zinapanda juu kama minara. Kata kwa uzi mamangu, si kwa kisu. Pitisha uzi chini, ncha mbili uzikutanishe juu, vuta. Kisu kinaponda, uzi unaacha duara safi na mistari yote inaonekana. Kumi na mbili zinakaa sawa kwenye trei ya inchi 9 kwa 13, paka siagi kwanza, ziachie nafasi.

Sasa hapa kuna jambo la mwezi. Sijui msikiti wenu mnafuata hesabu ama mnangoja mwandamo, ukiniambia mara hivi mara vile. Sisi huku mpaka Kadhi Mkuu atangaze, na akitangaza bado kuna nyumba mbili barabara moja, hii imekula hii imefunga, unajua watu wa Mombasa. Kama nyinyi mnafuata hesabu siku inajulikana kitambo, ukizikanda siku ya mkesha yenyewe trei inaingia friji jioni yake, imefunikwa plastiki imebana vizuri isikauke, masaa nane mpaka kumi na sita hakuna neno, hata ikifika siku nzima bado. Lakini kama mnangoja mwezi, friji itakuponza, mwezi usipoonekana utakuwa na trei imeumuka kupita kiasi na wewe umefunga. Basi weka friza. Ukishapanga tu, kabla hazijaumuka mara ya pili, funika plastiki, juu foili, ndani ya friza hata mwezi mzima. Za friza ongeza hamira nusu kijiko cha chai tangu mwanzo, maana barafu inaua sehemu yake. Mwezi ukitangazwa usiku, trei inatoka friza inaingia friji, asubuhi imeyeyuka. Usipotangazwa, iache hapo ilipo, mle daku mlale.

Na mwenye kuihamisha si wewe. Mumeo ana mikono. Mwambie babako amesema. Usiku anahamisha, asubuhi mkitoka kuswali anaitoa friji anaiweka mezani imefunikwa, mkirudi saa tatu unusu iko tayari, zimegusana na ukibonyeza kwa kidole kibonyeo kinarudi taratibu. Zikiwa bado, aweke trei kwenye oveni iliyozimwa na bakuli la maji ya moto chini yake nusu saa. Ndio aitoe trei, awashe oveni 350 za kwenu za Farenhaiti, 180 zetu za Selsiasi, dakika ishirini na tano hivi, zipate rangi juu na ile ya katikati ya trei iwe imeiva, hiyo ndiyo hubaki mbichi kila mara. Oveni isiwashwe na watu hawako nyumbani, hilo silijadili. Ile krimu ya juu, jibini laini na siagi na sukari ya unga, ikorogwe jana yake ikae friji kwa kopo, wajukuu wapake wenyewe. Watachafua meza, waache wachafue, ni Idi.

Kama hata hilo unaona zito, zichome zote siku ya ofu, zipoe, zifunge, friza. Asubuhi ya Idi foili juu, moto mdogo 300 za kwenu robo saa na kidogo. Si sawa na za kuchomwa hapo hapo, mimi nitajua, lakini wageni wako hawatajua.

Mdalasini nakutumia. Kuna mtoto wa jirani anasafiri wiki ijayo, nimempa vijiti vya Zanzibar, vile vyembamba vinavyovunjika vunjika kwa vidole, visage mwenyewe kwa kile kisagio cha kahawa. Wa madukani kwenu mwingi ni ule wa maganda manene, kasia, una ukali zaidi na kwa roli si mbaya, changanya nusu kwa nusu. Lakini ule wa kusaga wa bei ya kutupa usinunue. Mwaka 2023 watoto huko kwenu walidhurika na tofaa la kusagwa lilotiwa mdalasini wenye madini ya risasi, na 2024 FDA, wale wakaguzi wa chakula na dawa wa serikali yenu, wakatoa onyo juu ya mdalasini wa unga wa madukani. Wewe una watoto wadogo, soma basi mambo kama haya, mimi nayasoma niko Kisauni.

Najua unataka wakweo waone umeweza. Wameona. Ulipika biriani la watu arubaini na mimba ya miezi saba, nani asiyejua unaweza, mimi nawahadithia mpaka watu barazani wanahama wakiniona nakuja. Lakini ukaidi huo umeutoa wapi, mamako anasema nisiulize. Mimi hizo Idi nilizokuwa nazila jikoni kwa watu, nikifika nyumbani mmeshavua nguo mpya mmelala, ndizo zilizolipa ada, sisemi kitu, ila tulikuwa tunarudi kwa matatu, dereva mwingine, mimi nimelala mdomo wazi kiti cha nyuma. Wewe dereva ni wewe.

Hiyo shifti mpe mwenzio asiyefunga. Huko kuna watu wa kila dini, mbona wao Krismasi unawashikia? Kumbusha. Na wakikataa basi ukitoka saa moja usiguse gari, mumeo aje akuchukue, au lala humo humo kwenye gari imezimwa, hapana, baridi, usilale kwenye gari. Aje akuchukue.

Huku nyumbani maji ya mfereji hayajaja tena, tunanunua kwa mkokoteni na mitungi imepanda bei kwa sababu ya Ramadhani, kila kitu ni sababu ya Ramadhani. Mpangaji wa chumba cha nyuma amelipa mwezi mmoja kati ya miwili, amesema baada ya Idi, hajasema Idi ipi. Presha ya mamako imeshuka, dawa anameza lakini chumvi anatia vile vile, mwambie wewe, mimi ananambia nimezidi domo. Friji lile ulilotununulia linafanya kazi, ila usiku linaunguruma, fundi anasema ni stima kupanda na kushuka, nimeweka kile kidude cha kulinda. Mamako mwaka huu anataka tufanye na sisi hizo roli pamoja na mahamri na mbaazi, nimemwambia sawa, zangu zitaingia friji magharibi na mimi nitaingia kitandani baada ya isha.

Hela ya Idi usitume kubwa, tuma ya nyama tu, na ile ya mabati tungoje mvua za mwezi wa nne tuone pale panapovuja. Viatu vya wajukuu nimeshonesha makubadhi, nipe vipimo vya miguu kwa sentimita, chora mguu kwa karatasi upige picha, manake namba za Marekani fundi wa Mji wa Kale hazijui.

Nijibu habari ya shifti kabla ya Ijumaa. Si voisi, andika, nikusome ukisema umeiacha.

Wasalimie wote, mumeo mpe karatasi hii yenye habari ya trei aibandike kwenye friji.

Babako