Dadu za vijana si kamari, wapeni chumba

Ndugu Mhariri,

Tupe nafasi kwenye ukurasa wa barua tuseme na wazazi na walimu wa Mbeya na Iringa kuhusu vijana wanaokutana Jumamosi na dadu, penseli na makaratasi. Hawachezi kamari. Kamari ni kuweka fedha, na katika gemu hizi haiwekwi hata shilingi mia mezani, wala hakuna anayemshinda mwenzake. Kijana mmoja ni msimulizi: anaeleza mahali walipo na hatari iliyopo. Wenzake kila mmoja ana mhusika aliyemwandika kwenye karatasi, anasema mhusika wake anafanya nini, kisha dadu inaamua kama ameweza. Gemu iliyozaa nyingine, Dungeons & Dragons, ilitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Miaka ya 1980 wazazi wa huko nao walihofu kuwa ni mambo ya kishetani. Hofu ilipita, gemu ikabaki.

Makundi ya hapa kwetu huvunjika kwa sababu ndogo zaidi ya shetani, na ya kwanza ni dadu zenyewe. Kanuni zinataka dadu ya pande 20, ambayo huikuti kirahisi dukani. Basi vijana huchukua dadu mbili za ludo wakajumlisha, na hapo hesabu inawakataa. Tuseme mhusika ana nguvu 16, ambayo humpa nyongeza ya 3, na anataka kuvunja mlango wenye ugumu wa 15, yaani dadu na nyongeza zifike 15. Kwa dadu ya pande 20 anahitaji 12 au zaidi: nafasi 9 kati ya 20. Kwa dadu mbili za ludo ni lazima zije sita zote mbili: nafasi 1 kati ya 36. Wanashinda mlangoni mchana kutwa, halafu lawama zinamwangukia msimulizi.

Dawa yake ni vizibo kumi vya soda. Andika ndani yake 1 hadi 10 kwa maka peni, vitie kwenye kopo. Chomoa kizibo kimoja na urushe dadu moja ya ludo. Dadu ikija witiri, namba ya kizibo inabaki ilivyo. Ikija shufwa, ongeza 10. Utapata 1 hadi 20, kila namba ikiwa na nafasi sawa na nyingine. Kizibo kirudi koponi kila mara, la sivyo wajanja wanahesabu yaliyobaki. Na visiwe vizibo vilivyopindishwa na opena, maana kidole hukitambua kizibo cha 10 kabla jicho halijakiona. Asiye hata na dadu ya ludo aandike 1 hadi 6 kwenye pande za penseli ya pembe sita, aibingirishe.

Uhai wa mhusika, yaani namba inayopungua kila akipigwa, uhesabiwe kwa maharage. Karatasi inayofutwa kwa ufutio kila pigo hutoboka kabla ya kikao cha tatu, na maharage Mbeya si kitu cha kutafuta.

Halafu idadi. Wachezaji wanne na msimulizi, wakizidi sana watano. Mapigano yakianza na kila mtu akatumia dakika mbili, kwenye meza ya watu wanane unasubiri dakika 14 zamu yako irudi. Simu zinatoka mifukoni, na kikao kimekwisha hapo. Wagawanyeni meza mbili, hata kama msimulizi wa pili bado anababaisha.

Lugha ndiyo inayotusumbua zaidi. Vijana wanang'ang'ania Kiingereza kwa sababu kanuni zimeandikwa hivyo, matokeo yake anayeongea ni yule mmoja anayekijua, wengine wanaitikia. Januari 2023 wenye gemu hiyo ya Marekani walitoa kanuni za msingi kwa leseni ya Creative Commons: ruksa kunakili na kutafsiri, mradi chanzo kitajwe. Ni karibu kurasa 400, msichapishe zote. Chukueni sehemu ya kumtengeneza mhusika, ya kujaribu jambo kwa dadu na ya mapigano, mzifupishe kwa Kiswahili kwenye karatasi nne za A4. Ila kuweni makini na neno "mchawi" mnapomtafsiri mhusika aitwaye "wizard". Mazimwi na majini tumekua nayo kwenye hadithi za bibi, hayamshtui mtu. Lakini mikoani kwetu kuna watu wameumizwa kwa kuitwa wachawi, na si jina la kumpa mtoto wa watu hata kwa mchezo. "Mjuzi" linatosha.

Msiende mbali kutafuta mahali pa kisa. Mjumbe atoke Tukuyu na barua, mvua imekata barabara, njia iliyobaki ni Daraja la Mungu juu ya Mto Kiwira. Wa Iringa wana Kalenga, ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, kabla haijaanguka kwa Wajerumani mwaka 1894. Mtwa Mkwawa mwenyewe asichezwe na mtu. Ukoo wake upo, na mjumbe wake asiyejulikana ana uhuru zaidi wa kukosea. Msimulizi aandike ukurasa mmoja tu: mahali patatu, watu wawili na kila mmoja anachokitaka, tatizo moja. Anayeandika kurasa kumi huwalazimisha wenzake wapite alikopanga, nao watakwenda kwingine makusudi.

Kabla ya kikao cha kwanza kila mchezaji amwandikie msimulizi jambo asilotaka liingie kwenye kisa. Aliyefiwa na mzazi hana haja ya kueleza sababu. Mezani pawe pia na kadi moja nyekundu: anayeigusa, tukio linarukwa, hakuna swali.

Saa mbili na nusu zinatosha. Wakianza saa nane mchana wanafika nyumbani kabla ya giza. Kuanzia Desemba mvua ikigonga bati kwenye chumba kisicho na dari, msimulizi hasikiki hata akipiga kelele. Msimulizi mzoefu huyaweka mapigano wakati huo, kwa kuwa vidole na maharage vinajieleza.

Kwa wakuu wa shule na viongozi wa makanisa na misikiti, ombi letu ni ufunguo wa chumba kimoja Jumamosi. Madawati mengi yameinama kidogo, dadu hubingirika hadi chini, kwa hiyo yawekwe mawili yakitazamana, kanga itandikwe juu. Kanga watakuja nayo wenyewe.

Walezi wa vijana wachezaji,
Soweto, Mbeya