Lalamiko: Mlituuzia Safari Moja Ndefu, Kilindini Mkatushusha Kama Watu Msiowajua

Likoni,
Mombasa.

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Nakala kwa Afisa Usalama wa meli.

Bwana/Bibi Meneja,

KUH: SAFARI MBILI MFULULIZO KATIKA MELI MOJA, KUTOKA NA KURUDI MOMBASA

Naandika kwa niaba yangu, ya mume wangu na ya mama yangu mzazi, ambaye ana umri wa zaidi ya miaka 70 na anaishi na kisukari. Tulipanda meli yenu kwa safari mbili zilizofuatana: ya kwanza kwenda Zanzibar na kisiwa cha Nosy Be, Madagaska, na kurudi Mombasa, ya pili kwenda Ushelisheli na kurudi. Wakala wenu alituuzia zote mbili kwa pamoja. Barua pepe ya uthibitisho, ambayo nimeiambatanisha, inasema chumba ni kile kile, hatutahama, na siku meli itakapokuwa Kilindini, bandari ya Mombasa, sisi tutahesabiwa abiria wanaoendelea na safari. Maneno hayo ndiyo yaliyotufanya tulipe. Tungeweza kwenda safari moja, tukarudi nyumbani, tukangoja nyingine. Tuliziunganisha kwa ajili ya mama, asifunge na kufungua mizigo mara mbili.

Lalamiko langu ni moja, ingawa lina matawi: siku meli yenu ilipokuwa ikishusha abiria wa safari ya kwanza na kupakia wa safari ya pili, mlitufuta. Yote mliyoyajua juu yetu tangu tupande yalipotea, tukawa watu wapya. Kwa mgonjwa wa umri wa mama yangu jambo hilo lilikuwa hatari.

Kwanza niseme nisiyolalamikia. Vyakula vya jioni vilijirudia kwa mpangilio ule ule, na michezo ya jukwaani pia. Anayepanda meli moja mara mbili mfululizo anajua litakuwa hivyo. Wahudumu wa vyumba na wa mezani walimheshimu mama kama mzazi wao, na ningependa wasiguswe na barua hii. Waliotuangusha ni waliopanga.

Usiku wa kuamkia Kilindini tulikuta bahasha mlangoni: kadi tatu mpya na karatasi isemayo kwamba chumba chetu cha safari ya pili ni kingine, sitaha mbili chini, upande wa pili wa meli. Nilikwenda mapokezi na uthibitisho wangu mkononi. Kijana aliyekuwepo aliniambia kwa adabu kwamba kwenye kompyuta yao hizi ni tiketi mbili zenye nambari mbili, mfumo umegawa vyumba upya, na chumba chetu kimeshapewa watu wanaopandia Mombasa. Nikamwonyesha barua pepe. Akasema wakala ni wakala na meli ni meli. Mimi sikuwalipa watu wawili. Nililipa kampuni moja, na risiti ina nembo moja.

Asubuhi saa mbili mlitutaka tushuke na mizigo ya mkononi. Tulipouliza kwa nini abiria wanaoendelea washuke wakae nje mpaka alasiri, jibu likawa, "Ni Uhamiaji." Kabla ya kustaafu nilifanya kazi ya uwakala wa forodha hapo hapo Kilindini, kwa hiyo jibu hilo siwezi kulipokea. Najua kwamba katika bandari za Marekani meli hutakiwa iwe tupu kabla abiria wapya hawajaruhusiwa kupanda, na hata wanaoendelea hushuka wakakaguliwa. Lakini hata huko watu hao hukusanywa pamoja, huongozwa, na ukaguzi ukiisha hurudishwa melini mapema. Kwetu, maafisa wa Uhamiaji walituhudumia vizuri, na pasipoti zetu zilikuwa zimegongwa mihuri kabla ya saa nne. Saa zote zilizofuata ambazo mama alikaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya jengo la abiria zilikuwa zenu. Hakuna afisa wa serikali aliyezitaka. Msimamizi wenu alikiri mwenyewe kwamba vyumba havikuwa tayari na hakutaka watu wakae kumbini wakati wa usafi.

Nilipomwomba mama apewe angalau mahali pa kujinyoosha, msimamizi huyo akasema, "Nyinyi ni wenyeji wa hapa, si mwende nyumbani mrudi saa tisa?" Nyumbani kwetu ni Likoni. Kumtoa mama Kilindini, kumfikisha kivukoni, kumshusha ule mteremko katikati ya umati, kumvusha, kumpandisha ng'ambo ya pili, kisha kurudi naye vivyo hivyo kabla ya saa tisa, hilo hawezi kulitamka mtu anayeijua feri ya Likoni. Kwa gari kupitia barabara ya Dongo Kundu ni kuzunguka mji. Na hata nyumba ingekuwa jirani na gati, hatukununua safari ya baharini ili mtupe ruhusa ya kwenda kupumzika kwetu.

Hapo hapo likazuka la cheti cha homa ya manjano. Karani wenu aliyekuwa akiandikisha abiria wa safari ya pili alikikataa cheti cha mama, akisema kimepita miaka 10 tangu achanjwe. Mama alichanjwa zamani alipokuwa akijiandaa kwenda Hija, na kadi yake ya njano ameitunza. Tangu Julai 2016, chini ya Kanuni za Kimataifa za Afya, chanjo hiyo inatambuliwa kwa maisha yote ya aliyechanjwa, na vyeti vilivyotolewa kabla ya hapo pia vimo. Karani hakulijua hilo. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba kadi hiyo hiyo, ya mtu huyo huyo, ilikubaliwa na meli hiyo hiyo tulipokuwa tukienda Zanzibar. Ilipigwa picha ikawekwa kwenye kumbukumbu zenu. Ilibidi niende mwenyewe kumtafuta afisa wa afya wa bandari, naye akalimaliza jambo kwa sentensi moja. Mama alikuwa ameanza kulia, akidhani yeye ndiye atakayetuvunjia safari.

Sasa nafika kwenye dawa, na hapa naomba msome polepole.

Mama anajidunga insulini. Kalamu anayoitumia hukaa naye mkobani, kwa kuwa ikishafunguliwa huweza kukaa kwenye joto la kawaida la chumba kwa takriban wiki nne. Zile ambazo hazijafunguliwa hutakiwa zikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Kabla ya kununua tiketi niliuliza, mkanijibu kwa maandishi kwamba friji za vyumbani zinafaa. Tukaziweka humo ndani ya kopo la plastiki la buluu lenye jina la mama na neno INSULINI kwa wino mzito, mbele na juu ya kifuniko.

Asubuhi ya kushuka nilimwita msimamizi wa vyumba, nikamfungulia friji, nikamwonyesha kopo. Nilitaka kujua nishuke nalo au nifanyeje, kwa sababu gatini hakuna friji, na joto la Mombasa la mwezi wa tatu mnalijua. Aliniambia niliache, litatolewa friji hii na kuingizwa ile ya chumba kipya. Aliliandika hilo kwenye kijitabu chake mbele yangu na mbele ya mume wangu.

Chumba kipya tulikabidhiwa meli ikiwa imeshaanza kuondoka. Tulipofungua mlango, kopo la buluu lilikuwa juu ya meza karibu na dirisha. Pazia lilikuwa wazi na jua lilikuwa likilipiga. Friji ilikuwa imezimwa kwa ajili ya kusafishwa, mlango wake umeegemezwa kwa taulo ili ikauke. Niliposhika kifuniko nilihisi joto kiganjani. Hakuna hata mmoja aliyeweza kuniambia limekaa pale tangu saa ngapi. Daktari wa meli alisema kile ambacho daktari yeyote angekisema: insulini iliyokaa juani kwa muda usiojulikana haiaminiki tena. Tukaitupa yote.

Zahanati ya meli ilikuwa na insulini, namshukuru Mungu, ila haikuwa ya aina anayoitumia mama. Daktari alilazimika kumbadilishia kipimo tukiwa njiani kwenda Mahé, kisiwa kikuu cha Ushelisheli, na sukari ya mama ilipanda na kushuka karibu safari nzima. Usiku nilikuwa nikimwamsha kumpima. Ushelisheli tuliyoilipia, mama aliiona kwa dirishani. Na dawa hiyo, pamoja na ada ya kumwona daktari, mliitia kwenye bili yetu kwa dola.

Hebu fikirini. Mchana wote ule tulikuwa Kilindini, mwendo mfupi wa tuktuk hadi Moi Avenue na Digo Road, ambako maduka ya dawa yamefuatana. Mtu mmoja tu angetuambia dawa imeharibika, au angeturuhusu mmoja wetu aingie melini akaitazame, tungenunua insulini ya mama, ya aina yake, kwa shilingi zetu, na leo nisingekuwa nikiandika haya. Niliomba kuingia mara kadhaa. Nilijibiwa kwamba abiria wa safari ya pili hawajaanza kuitwa.

La mwisho ni kadi mpya. Chumba kipya kiko upande mwingine wa meli, hivyo mahali petu pa kukusanyika wakati wa dharura pangepaswa kubadilika. Karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango ilituelekeza kituo kimoja, kadi zetu zikatuelekeza kile cha zamani. Mume wangu ndiye aliyeliona. Tulipokwenda kwenye zoezi la usalama, mhudumu mwenye orodha hakuyaona majina yetu, akatuambia tusijisumbue kwa sababu tulishafanya zoezi safari iliyopita. Tulikataa kuondoka mpaka tuandikwe. Ajali ya meli ya kitalii Costa Concordia ya Januari 2012 iliua watu 32, na abiria waliopandia bandari ya Civitavecchia, Italia, jioni ile walikuwa bado hawajafanyiwa zoezi meli ilipogonga mwamba, kwa kuwa kanuni za wakati huo ziliruhusu kungoja hadi saa 24. Tangu Januari 2015 abiria wapya lazima wafanyiwe zoezi kabla ya meli kuondoka au mara inapoondoka. Sisi tulikuwa na chumba kipya, njia mpya ya kutokea na mashua nyingine ya kuokolea, pamoja na mzee anayetembea kwa mkongojo. Kama siku nzima mlituita abiria wapya ilipohusu kusubiri, kulipa na kukaguliwa, mngetuita hivyo pia palipohusu uhai wetu.

Ninayoyataka ni haya. Mnirudishie gharama zote za zahanati kama zilivyo kwenye risiti nilizoambatanisha, pamoja na thamani ya insulini iliyoharibika. Mnirudishie ada ya huduma ya siku ya Kilindini, ambayo mlitutoza mara mbili, mwisho wa bili ya kwanza na mwanzo wa bili ya pili, kwa siku ambayo sehemu yake kubwa tuliimaliza nje ya meli. Mnifidie tofauti ya bei kati ya chumba tulichokilipia na kile mlichotupa. Na mama yangu aombwe radhi kwa barua yenye jina lake. Ile fomula ya "samahani kwa usumbufu uliojitokeza" msinitumie.

Kisha kuna wale watakaofuata. Watu wa Mombasa wanaanza kuzoea meli hizi, na wengi wataunganisha safari kama sisi kwa kuwa ndivyo inavyofaa ukiwa na wazee. Kuweni na orodha moja ya wanaoendelea, iwe mikononi mwa mapokezi, wasimamizi wa vyumba na afisa usalama kabla meli haijaingia Kilindini. Uhamiaji ukishamaliza, warudisheni ndani, hata kama ni kuketi kwenye ukumbi mmoja. Dawa iliyo kwenye friji ipokewe na muuguzi kwa sahihi, ikae zahanati, irudishwe kwa sahihi. Na asiambiwe mtu kwamba chumba ni kile kile ikiwa hakuna aliyelifunga jambo hilo kwenye mfumo. Haya hayahitaji meli mpya.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mteja haki ya huduma ya kiwango kinachofaa, haki ya kupewa taarifa anazohitaji, kulindwa afya na usalama wake, na kulipwa fidia anapopata hasara kutokana na kasoro ya huduma. Ninawapa siku 21 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya, nitapeleka faili hili kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, na dai la pesa nitalifungua katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Langu halifiki huko. Nakala za tiketi, barua pepe, bili zote mbili, picha ya kopo mezani na picha ya kadi kando ya karatasi ya mlangoni zote ninazo.

Jibu lenu naomba liwe kwa Kiswahili. Mama amesema atalisoma mwenyewe.

Wenu,

Mteja wa safari zote mbili,
kwa niaba ya familia.