Na wewe kapime, mwanangu

Makorora, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, Alhamdulillah. Goti la mama yako linamsumbua mvua zikianza, lakini sokoni haachi kwenda. Shangazi yako alikuja Ijumaa iliyopita, akaketi barazani tangu alasiri mpaka karibu na magharibi, na maneno yake ndiyo yaliyonifanya nitafute kalamu. Ningeweza kupiga simu, lakini simu zangu unazipokea ukiwa kwenye usukani na utingo yuko kando yako, na haya si ya kusikiwa na utingo.

Anasema huu ni mwaka wa pili tangu harusi na mkeo hajashika mimba. Ama aletwe huku apelekwe Amboni pangoni akaombe mtoto, ama utafutiwe mwingine, na huyo mwingine ameshamwona, yuko Pangani. Mama yako alikuwa anakuna nazi. Akaacha, akanitazama. Hakusema neno.

Najua si desturi baba kumwandikia mwanawe mambo ya chumbani. Haya angekuambia babu yako kwa utani, mkiwa mnapara samaki. Babu yako hayupo, basi nivumilie.

Unajua kwamba kabla ya mama yako nilikuwa na mke. Unajua tuliachana, sababu hukuambiwa. Nilimwoa 1980, nikampa talaka 1984, na kosa lake lilikuwa moja: hazai. Alinyweshwa mizizi ya kila namna, akafukizwa, akapelekwa pangoni na chupa ya marashi, akarudi vilevile. Na mimi wakati ule, mwanangu, ni mtu wa maabara. Kutwa nimeinamia hadubini. Wanawake walikuwa wakiniletea mbegu za waume zao kwenye kichupa kilichofungwa upindoni mwa khanga, kwa kuwa waume hawataki kuonekana dirishani, nami nikiwacheka wanaume wale. Zangu sikuzitazama hata siku moja. Kitandani sikuwa na shida, nikaona nimemaliza. Ilhali mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikiwaambia watu kwamba nguvu ni jambo moja na mbegu ni jambo jingine.

Mwaka 1986, wakati wa machungwa, nilinyoosha mkono dirishani nipokee kadi ya kliniki, nikasoma jina, nikainua macho. Ni yeye. Alikuwa ameolewa Pangani, mimba ina miezi sita. Ametumwa kupima wingi wa damu.

Siku hizi mashine inakupa jibu kabla hujakaa vizuri. Zama zetu tulipima kwa kifaa kiitwacho Sahli: unachoma kidole, unavuta damu kwa mdomo kupitia kipira mpaka kwenye alama, unaitia kwenye asidi, kisha unangoja dakika 10 ndipo uanze kudondosha maji, tone kwa tone, mpaka rangi ilingane na ya kioo cha pembeni. Dakika 10 mimi na yeye, meza katikati. Pembeni mwa midomo ana vumbi jeupe. Alikuwa akila udongo, kama wajawazito wengi wanavyofanya damu ikipungua. Akaniuliza, "Na wewe, umepata?" Nikasema bado. Akasema, "Mungu atakupa." Nilitafuta kejeli katika sauti yake, sikuiona, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Damu yake ilikuwa 8. Mjamzito akishuka chini ya 11 tunasema ana upungufu. Nilimwambia aache udongo, kwa sababu unazuia mwili usipate madini ya chuma na mara nyingi huja na minyoo, nikamwandikia majibu. Kuomba radhi sikuomba.

Usiku ule nilikuwa zamu peke yangu. Nikajifungia, nikajipima. Mbegu zilikuwa chache mno, na katika hizo chache nyingi zimelala. Nikahesabu mara 3. Muadhini wa alfajiri alinikuta bado nimeinama.

Daktari niliyemwendea alikuta mishipa imevimba upande wa kushoto, imejikunja juu ya korodani kama fundo la minyoo. Nikafanyiwa operesheni ndogo, na sigara nikaziacha. Kilichosaidia ni kisu au ni sigara, sikuambiwa na sikuuliza. Mama yako nilimweleza yote kabla ya posa. Wewe ulizaliwa 1992.

Sasa sikiliza yako.

Watu wa afya wanahesabu mwaka mmoja mzima wa kukutana bila kinga ndipo waseme kuna tatizo. Mwanamke akiwa amepita miaka 35, wanahesabu miezi 6. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mmoja kati ya 6 hupitia hali hii maishani mwake, kwa hiyo mkeo si kioja. Na karibu nusu ya ndoa za namna hii, mwanamume ana mkono wake ndani, peke yake au pamoja na mkewe. Nusu, mwanangu. Kwenye kigoda cha mganga lakini nimeona wanawake tu.

Halafu kabla hatujasema fulani ana kasoro, tuhesabu usiku mliolala nyumba moja. Yai la mwanamke likishatoka haliishi zaidi ya siku moja. Mbegu huweza kungoja ndani mpaka siku 5. Kwa hiyo nafasi ni kama siku 6 katika mwezi, zinazoishia siku yai linapotoka, na yai hutoka takribani siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Mkeo akiandika tarehe zake miezi mitatu utaona mwenyewe. Wewe unapakia saruji hapa, unashusha Tunduma, unangoja mzigo wa kurudi, unafika Dodoma mchovu kama gunia. Inawezekana kabisa miaka miwili yenu, ukiichambua, ni miezi minne. Mwombe tajiri yako akupangie safari fupi kwa muda. Akikataa, angalau jua tarehe.

Na hayo maisha ya barabarani tuyazungumze. Mungu hakuzitundika korodani nje bure: zinataka ubaridi kidogo kuliko mwili. Wewe unakaa juu ya joto la injini muda wa saa 12. Shuka, tembea. Sigara acha, hilo silijadili. Mirungi unayotafuna ili usisinzie nayo iache, kwanza itakuua kwa ajali kabla haijagusa kizazi. Wale vijana wanaojichoma sindano za kutunisha misuli usiwaige. Homoni ile ukiitia kutoka nje, mwili unaacha kutengeneza mbegu zake. Na ujue mbegu moja huchukua siku 70 na kitu kutengenezwa, kwa hiyo ukibadilika leo usitarajie tofauti kabla ya miezi mitatu. Wengi huacha sigara wiki mbili, wakapima, wakakata tamaa, wakaziwasha tena.

Kupima kwenyewe ni hivi. Ukae bila kukutana na mkeo siku 2 hadi 7. Kichupa upewe na maabara, usitumie cha dawa ya kikohozi (nimevipokea vingi, na vingine vimeoshwa kwa sabuni, yaani vimekuja vimeshaua kila kilichomo). Usitumie kondomu wala mafuta. Kama hawana chumba, toa nyumbani, ukifikishe ndani ya saa moja, umekiweka karibu na mwili kisipoe. Watahesabu: milioni 16 kwa mililita kwenda juu hawana neno nawe kwa upande wa wingi, watatazama pia zinavyokwenda na zilivyoumbika. Jibu likiwa baya, lirudiwe baada ya wiki kadhaa. Homa kali tu ya mwezi uliopita inaweza kuliharibu.

Mkeo naye apimwe, sikatai. Mirija inaweza kuziba kwa ugonjwa wa zamani wa zinaa ambao hata hakuusikia, na huo mnapimwa na kutibiwa wote wawili, vinginevyo mtaambukizana mpaka Kiyama. Kaswende na VVU vilevile.

Kuna jingine ambalo kosa ni langu kutokukumbusha kabla ya ndoa. Ulipokuwa darasa la pili nilikupima mwenyewe, ukaonekana umebeba sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Huumwi na hutaumwa, ila unaibeba. Mkeo akiwa hana, hakuna mtoto wenu atakayeugua. Akiwa naye anabeba kama wewe, kila mimba ina nafasi moja kati ya 4 ya kuzaa mtoto mgonjwa. Apimwe sasa, ili jibu lolote mlipokee mkiwa mmekaa, si siku mtoto anapolia vidole vimevimba.

Na asingoje mimba ndipo aanze vidonge. Foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku, aanze kuzimeza sasa hivi na aendelee mpaka wiki ya 12. Mfereji ambao baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutunga, na wakati huo wanawake wengi ndiyo kwanza wanajiuliza mbona siku zimechelewa. Usipofunga vizuri ndipo huzaliwa watoto wenye mgongo wazi. Mchicha na maharage ale, lakini havitoshi peke yake. Na chai asinywe pamoja na chakula, inakamata chuma. Aisogeze mbele saa moja au mbili. Shangazi yako anataka kumpelekea papa mkavu. Huyo aache, samaki wakubwa wale wana zebaki. Mimi nampelekea dagaa na vibua.

Inshallah akishika, kliniki kabla ya wiki ya 12, na uende naye. Usimwache getini. Kuanzia mwezi wa nne atapewa SP, vidonge vya kukinga malaria, dozi baada ya dozi, zisipungue mwezi mmoja katikati. Wakati huo aseme anameza foliki ya kiasi gani, maana ile ya miligramu 5 inaipunguzia SP nguvu. Chandarua alalie kila usiku, hata huko Dodoma mnakojidai hamna mbu.

Mengine watamwambia wao. Moja tu nataka ulisikie kwangu.

Mama yako alipokuwa na mimba yako ya miezi minane, uso ulimjaa. Kandambili zikawa hazimwingii, na pete ya ndoa ikabidi sonara aikate kwa kikoleo. Wanawake wa nyumbani wakafurahi, wakasema huyo ni mtoto wa kiume, ndiye anayemvimbisha. Usiku wa pili akalalamika kichwa kinampasuka na anaona kama vimulimuli. Nilimkojolesha kwenye kikombe, nikauchukua mkojo mpaka kazini usiku ule ule, nikautia kwenye neli ya kioo na kuupasha juu ya moto. Ukaganda mweupe kama ute wa yai. Mkojo wa mjamzito haupaswi kuganda, mwanangu. Niliporudi kumchukua nilikuwa nakimbia. Presha ilikuwa 170 kwa 110, na kifafa cha mimba kilikuwa mlangoni. Walimwanzishia uchungu, ukatoka wewe na kilo 2.1, nikakubeba kwa mkono mmoja.

Kwa hiyo mkeo akiumwa kichwa kisichoacha, akivimba uso na mikono, akiona maluweluwe, akitoka damu au maji, akipata homa, au akisema mtoto leo hachezi, usimpigie shangazi yako. Usinipigie hata mimi. Tafuta gari.

Hii barua msome wote wawili. Mwambie mkamwanangu kwamba katika nyumba hii hakuna atakayemwita tasa, na pesa za vipimo vyako natuma mimi. Vyako kwanza.

Na kuhusu shangazi yako usitie wasiwasi. Ijumaa ile, alipomaliza sifa za binti wa Pangani, nilimwuliza kama anamkumbuka wifi yake wa kwanza, na kama anajua ana watoto wangapi sasa. Akakaa kidogo. Akasema, "Wanne." Kisha akainuka, akaanza kutafuta viatu vyake.

Ni mimi baba yako.