Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanaredio wa Ridhaa, Kigoma

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma Mweka Hazina, na orodha ya ada anayo Katibu, anayedaiwa anajijua. Ambao leseni zao za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, zinakaribia kuisha wasingoje siku ya mwisho. Muda wangu nautumia kwa jambo moja lililotusumbua mwaka mzima: athari ya Doppler, yaani masafa kuonekana kubadilika kwa sababu setilaiti inakimbia, kwenye mawimbi tunayorusha kwenda juu.

Kusikiliza tunajua. Kituo cha Anga cha Kimataifa hutuma kwa megahezi 437.800, na kwa kuwa kinakimbia zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde, kikitujia tunakipata takriban kilohezi 10 juu ya hapo, na kikituacha tunakipata chini kwa kiasi hichohicho. Sote tunazungusha kitufe na kukifuata. Tunachosahau ni kwamba nacho kinatusikia vivyo hivyo. Ukirusha 145.990 wakati kinakuja, chenyewe kinasikia kilohezi tatu na ushee juu. Kwa FM, ambayo huvumilia masafa yakihama kidogo, haidhuru, na hapo ndipo tulipozoea vibaya.

Mazoea hayo yalituponza tulipoingia RS-44, setilaiti ya Kirusi iliyorushwa Desemba 2019. Transponda yake, chombo cha kupokea na kurusha tena, hupokea ukanda mzima, kuanzia 145.935 hadi 145.995, ikaugeuza, wa juu ukawa wa chini, na kuushusha kwenye 435.610 hadi 435.670. Mazungumzo mengi ya SSB, urushaji wa sauti unaochukua nafasi nyembamba ya masafa, hukaa humo kwa pamoja, yakiachana kilohezi chache tu. Anayeacha masafa ya kurushia palepale na kuhangaika na ya kupokelea peke yake, basi tangu setilaiti ichomoze hadi izame atakuwa amehama karibu kilohezi 6 ndani ya ukanda huo, akiwapitia watu katikati ya maongezi yao. Wenzetu wa nchi nyingine wametulalamikia, na haki ni yao.

Kanuni ninayoomba tuifuate wote ni hii: masafa yanayofika kwenye setilaiti yasibadilike, na yanayotoka kwake tuyahesabu kuwa hayabadiliki. Maana yake, ikikujia unarusha chini kidogo ya masafa unayoyataka, unapandisha taratibu, inapokuwa karibu nawe kabisa unakuwa juu ya masafa yenyewe, halafu unaendelea kupandisha inapokwenda zake. Ni kama mvuvi wa Kibirizi anayerudi huku kusi inavuma: omo haielekezi gatini, anaielekeza kando, upepo umfikishe. Kwa RS-44 marekebisho ya kurusha ni takriban kilohezi 3 kila upande. Kwa setilaiti zinazopokea kwenye 435 yanakuwa mara tatu ya hapo, na huko hata FM haikuvumilii.

Kuna hoja iliyorudiwa sana kikaoni, kwamba transponda ikigeuza ukanda basi Doppler ya kwenda na ya kurudi zinafutana. Ni kweli kwa sehemu. Karibu kilohezi 9 za mawimbi yanayoshuka kwetu hupunguzwa na zile 3 za yanayopanda, zinabaki 6. Lakini punguzo hilo ni la masikio yako wewe. Anayekusikiliza Nairobi au Lusaka anaiona setilaiti ikienda kwa kasi nyingine kabisa kumhusu yeye. Mahali pekee tunapokutana sote ni kule juu, kwa hiyo ndiko pa kutuliza masafa.

Mkono wa mtu unachoka, hasa setilaiti inapopita utosini, maana hapo ndipo masafa hubadilika kwa kasi zaidi. Programu ya Gpredict hurekebisha pande zote mbili yenyewe, mradi redio iongozwe na kompyuta, saa iwe sahihi na data za mzingo, yaani njia ya setilaiti kuizunguka dunia, ziwe mpya. Saa ikichelewa sekunde tano RS-44 ikiwa juu yetu, unakosea takriban hezi 250 za kupokea, na sauti inakuwa nyembamba au nzito isivyo kawaida.

Vijana waliuliza kuhusu simu zinazozungumza na setilaiti moja kwa moja. Kanuni ni ileile. Viwango vya 3GPP, umoja unaopanga viwango vya simu, Toleo la 17 la mwaka 2022, vinaitaka simu ijue ilipo kwa GPS, isome mzingo unaotangazwa na setilaiti, kisha irekebishe masafa kabla ya kurusha.

Wanaotaka tuhamie setilaiti ya QO-100 tuachane na Doppler, siwapingi. Ipo nyuzi 25.9 mashariki, imetulia angani, na kutoka Kigoma dishi linatazama nyuzi 83, karibu juu kabisa. (Masika litakuwa beseni, toboeni tundu la kumwaga maji.) Ila fedha za vifaa vya megahezi 2400 hatuna mwaka huu, kwa hiyo RS-44 inabaki darasa letu.

Kabla ya zoezi lijalo kila mwenye kompyuta asahihishe saa na kupakua data mpya za mzingo. Nafasi ya mratibu wa setilaiti iko wazi; majina yapelekwe kwa Katibu kabla hatujapiga kura.